Kupima sumu ya tope la Ghuba ya Winam kwa kutumia ochong'a

Maji ya ziwa hayatulii mahali pamoja. Ukichota chupa asubuhi mbele ya mdomo wa mto Kisat, pale Kisumu kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upepo wa mchana utakuwa umeyasukuma maji hayo kwingine, na kipimo chako kitakuwa cha maji yaliyokwisha kwenda. Tope hubaki. Risasi, shaba, zinki, mafuta ya magari na dawa za mashambani hunata kwenye chembe laini za udongo na mabaki ya mimea, huzama nazo, na huweza kulala chini miaka mingi. Anayetaka kujua hali ya ufuo wake na aanzie huko chini.

Tope huulizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulipeleka maabara likapimwe kemikali. Utarudi na orodha ya vitu na viwango vyake, pamoja na bili kubwa, ila orodha hiyo haisemi kama kiumbe anayeishi pale anadhurika. Madini mengine hufungwa na salfaidi iliyomo kwenye tope lisilo na oksijeni, yasiweze kumfikia mnyama. Mengine ni kidogo kila moja peke yake, lakini yakijumuika humlemea. Njia ya pili ni kumweka mnyama mdogo (kwetu ni ochong'a, kamba mdogo wa ziwa hili) juu ya tope hilo, kumtunza vizuri siku 10, kisha kuhesabu waliobaki hai. Mwongozo huu ni wa njia ya pili, kwa walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na vikundi vya ufuoni kuanzia Dunga hadi Usoma. Vipimo vyote viwili vikifanywa ni bora zaidi. Pesa ikitosha kimoja tu, ushauri wangu ni kuanza na mnyama, kwa sababu yeye ndiye atakayekuonyesha ni tope gani linafaa kugharamiwa maabara.

Njia imetoka pwani, mnyama awe wa hapa

Kipimo hiki kilikomaa baharini. Mwaka 1985 Richard Swartz na wenzake wa shirika la mazingira la Marekani walieleza namna ya kupima tope la pwani kwa kutumia Rhepoxynius abronius, amfipodi wa Bahari ya Pasifiki. Ni mnyama wa milimita chache, wa jamii pana ya kamba na kaa, aliyebanwa ubavuni na mwenye tabia ya kujifukia mchangani. Walitumia chombo cha kioo cha lita 1, tope la kina cha sentimita 2, maji ya bahari juu yake, wanyama 20 na siku 10. Baadaye spishi nyingine ziliingia kwenye kazi hiyo, kama Ampelisca abdita, Eohaustorius estuarius na Leptocheirus plumulosus, lakini mpango wenyewe umebaki karibu vilevile. Mwanafunzi wa Mombasa au Kilifi anaweza kuufuata akiwa na amfipodi wa ufuo wake.

Kisumu haiwezekani. Amfipodi wa baharini akitiwa kwenye maji ya Ziwa Victoria atakufa kwa kukosa chumvi kabla sumu haijamgusa. Kuna anayetumika Marekani kwa maziwa na mito, Hyalella azteca, na ninamsihi kila mtu asimwagize. Ziwa hili limeshapokea mbuta na gugumaji kutoka nje, na hakuna mkazi wa ufuoni anayehitaji kusimuliwa yaliyofuata. Tumtafute mnyama aliye hapa tayari.

Yupo: ochong'a, Caridina nilotica kwa jina la kisayansi, yule kamba mdogo wa sentimita 2 hivi anayenaswa pamoja na omena na kuishia kwenye chakula cha kuku. Ukimtia kwenye chupa safi na kumtazama dhidi ya mwanga utaona mwili wake wote kama kioo. Utumbo ni mstari mweusi mgongoni, na nyuma kidogo ya kichwa moyo unadunda haraka. Mikono yake ya mbele ina koleo ndogo zenye vibrashi nchani, navyo husugua tope na majani mchana kutwa na kupeleka mdomoni kilichonasa. Ulaji huo ndio unaomfaa kwa kazi hii, kwa kuwa kilicho juu ya tope humfikia. Afrika Kusini ameshatumiwa katika majaribio ya sumu ya maji.

Kuna sababu nyingine. Jamii ya kamba na wadudu ni ndugu wa karibu, kwa hiyo dawa nyingi zilizotengenezwa kuua wadudu humuua ochong'a kwa kiasi ambacho samaki hakihisi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu ya wadudu. Katika ghuba inayopokea mto Nyando, unaopita kwenye miwa na mpunga wa Ahero, mnyama mwepesi kuguswa na dawa hizo ndiye tunayemtaka.

Ana upungufu mmoja: hajifukii kama amfipodi. Yeye hutembea juu ya tope, hivyo atakueleza habari za tabaka la juu na maji yanayoligusa, si za kina cha chini. Anayetaka mnyama mwingine anayepimwa kwenye tope lenyewe kuna Heterocypris incongruens, kidudu chenye magamba mawili kama kombe, ambaye mayai yake makavu huuzwa tayari na jaribio lake la siku 6 lina kiwango cha kimataifa, ISO 14371. Vifaa vyake si rahisi, ndiyo maana nabaki na ochong'a. Namba nyingi zilizo hapa chini zimeazimwa kutoka majaribio ya amfipodi, na ripoti yako iseme hivyo waziwazi.

Kabla ya kushika ndoo

Kama ni utafiti rasmi, pata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na uulize ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu vibali vingine. Kwa vyovyote vile, anza kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo husika. Wao ndio wenye boti, na wanaijua sakafu ya ziwa kuliko ramani yoyote. Uliza kwa adabu: “Mzee, hapa chini ni mchanga ama tope?” Jibu hilo litakuokolea mafuta ya boti ya siku nzima.

Unahitaji aina tatu za tope. Kwanza ni la mahali unapopashuku, mathalani mbele ya mdomo wa Kisat au karibu na sehemu ya kuoshea magari. Pili ni tope la rejea, linalofanana na lile kwa ulaini na weusi, lakini limetoka mbali na mifereji, viwanda na gati. Tatu ni tope la kudhibiti, yaani la pale pale ulipowakamata ochong'a wako wakiwa na afya. Wengi hudhani mawili haya ya mwisho ni kitu kimoja. Tope la kudhibiti hupima mkono wako: wanyama wakifa humo, kosa ni la utunzaji. Tope la rejea hupima hali ya kawaida ya ghuba. Ukiacha mojawapo utabaki na vifo usivyoweza kuvieleza.

Kufanana kwa ulaini si jambo la kupuuzwa. Tia kiasi cha tope kwenye chupa ya maji, tikisa, iache itulie usiku. Mchanga utakaa chini, tope laini juu yake. Pima unene wa kila tabaka kwa rula. Usilinganishe mahali pa mchanga na mahali pa tope tupu, maana sumu hupenda chembe laini na mnyama naye ana mapendeleo yake.

Tena jilinde. Fuo za Kisumu zina kichocho, kwa hiyo usiingie majini na miguu mitupu wala kushika tope bila glavu ndefu. Viboko hupenda mwambao ulio na majani alfajiri na jioni. Vaa jaketi la kuokolea hata kama mwenye boti hajavaa.

Kuchota tope

Kwenye kina kirefu tumia grabu ya Ekman, sanduku la chuma lenye taya mbili za springi zinazofungwa na uzito mdogo unaoteremshwa kwa kamba. Ukishazitega taya hizo, usipitishe mkono chini yake. Kwenye kina cha kiunoni bomba la plastiki la inchi 3 linatosha: lishindilie wima, ziba juu, livute taratibu, ziba chini kabla halijatoka majini.

Ukilifungua vizuri utaona matabaka. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, laini kama uji, na chini yake tope jeusi linalonuka. Sumu za miaka ya karibuni, na chakula cha ochong'a, viko juu. Ondoa maji yaliyosimama kwa mpira mwembamba bila kuvuruga, kisha kwa kijiko cha plastiki chota sentimita 2 za juu, ukiacha tope lililogusa chuma. Rudia mahali patatu hadi patano pa karibu, changanya kwenye beseni la plastiki hadi rangi iwe moja, ujaze chombo hadi ukingoni pasibaki hewa. Lita 2 kwa kila eneo zinatosha.

Anza na mahali safi, umalizie na mahali pachafu, na uoshe vifaa kila mara. Tope likae kwenye sanduku lenye barafu, kisha kwenye friji isiyo ya chakula, nyuzi 4 za Selsiasi, gizani. Usiligandishe, maana kuganda hubadilisha tope na kuachilia vitu vilivyokuwa vimefungwa. Litumie ndani ya wiki mbili.

Kuwakamata na kuwazoeza wanyama

Kamata ochong'a asubuhi mapema kwa wavu wa mkono wenye matundu madogo, ukipitisha chini ya mimea ya ukingoni mahali penye maji safi. Usinunue wa wavuvi waliokwisha kumwagwa kwenye boti pamoja na omena. Hata wakiwa wanarukaruka, wamebanwa na kukauka, na watakufa baada ya siku mbili bila sumu yoyote. Wabebe kwenye ndoo ya plastiki yenye kipande cha neti ya mbu ndani. Wakipata kitu cha kushika hutulia na hawagongani.

Hesabu mahitaji mapema. Tope la kudhibiti, la rejea na maeneo mawili yanayoshukiwa, chupa 5 kwa kila moja, wanyama 10 kwa kila chupa: hao ni 200. Jaribio la mrututu (salfeti ya shaba) nitakaloeleza hapa chini litahitaji 120. Ukiongeza akiba, kamata kama 450.

Maji ndiyo yanayoua wanyama wengi kabla ya jaribio kuanza. Ya bombani yana klorini. Hata ukiyapuliza hewa siku mbili hadi klorini iishe, huenda yamepitia bomba au kiungo cha shaba, na shaba kwa jamii ya kamba ni sumu kali. Afadhali uchote maji ya ziwa mbali na mji na kuyachuja kwa kitambaa safi. Ndoo za mabati ziache kabisa kwa sababu ya zinki. Katika chumba hicho pasipulizwe dawa ya mbu, wala mtu aliyejipaka dawa ya kufukuza wadudu asitie mkono majini. Hili nalisisitiza kwa sababu halionekani: mtu hupuliza chumba jioni kwa nia njema, asubuhi chupa zote ni wafu, na lawama huangukia tope.

Wazoeze kwa siku mbili hadi tatu kwenye joto la jaribio, nyuzi 24 au 25. Zaidi ya mmoja katika kumi wakifa humo, usiendelee na kundi hilo. Siku ya jaribio chagua wa kimo kimoja, sentimita 1 hadi 1.5. Acha majike yenye mayai tumboni na acha walioambua gamba punde, ambao mwili wao ni laini na hukaa kimya pembeni.

Siku ya kutayarisha chupa

Toa tope kwenye friji, ulikoroge pamoja na maji yake. Lipitishe kwenye chujio la matundu makubwa bila kuongeza maji, ukitoa kwa kibano konokono, ruba na hasa viluwiluwi vya kereng'ende. Kiluwiluwi kimoja kikibaki kinaweza kula ochong'a usiku, nawe ukaandika kwamba ameuawa na sumu ya risasi.

Tumia chupa za kioo za lita 1 zenye mdomo mpana. Kila moja itie tope la sentimita 2, kiasi cha mililita 175, ulisawazishe. Weka kisahani kidogo cha plastiki juu ya tope na umimine maji kwenye kisahani polepole, mililita 700 hivi, ili tope lisitibuke. Funika kwa neti, weka mpira wa hewa, ziache zitulie usiku kucha.

Hewa iwe ya upole, mapovu moja au mawili kwa sekunde, na ncha ya mpira isishuke karibu na tope. Hapa tahadhari na kipimio cha oksijeni. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 7.2 hivi kwa lita, si 8.3 kama pwani. Kifaa kikikuonyesha 8.3 kwenye maji yasiyo na mwani, kimepangwa kwa usawa wa bahari, kirekebishe.

Chupa zipewe namba tu, bila majina ya maeneo, na nafasi zake mezani zipangwe kwa kura ya vikaratasi. Daftari la siri lishikwe na mtu ambaye hatahesabu. Tukijua chupa ipi imetoka wapi, macho yetu huona tunachotarajia.

Asubuhi yake watie wanyama, 10 kila chupa, kwa kuwahamisha kwenye kikombe kidogo chenye maji na kukiinamisha ndani ya maji ya chupa. Usiwadondoshe kutoka juu, na usitumie kibano.

Siku kumi

Kazi ya kila siku ni ndogo na haina likizo. Asubuhi tazama hewa ya kila chupa, pima joto, pima oksijeni angalau chupa moja ya kila kundi, na usiiache ishuke chini ya miligramu 4. Punguza theluthi ya maji kwa mpira mwembamba na urudishe maji mapya taratibu. Chumba cha Kisumu kisicho na feni huchemka alasiri, kwa hiyo zisimamishe chupa ndani ya karai pana la maji ili joto lisipande na kushuka ghafla. Miongozo ya Marekani huagiza saa 16 za mwanga. Sisi tuko kwenye ikweta, wanyama hawa wamezaliwa kwenye saa 12, waachie hizo.

Amfipodi wa baharini kwenye jaribio la siku 10 kwa kawaida hawalishwi. Ochong'a akikaa na njaa humvamia mwenzake aliyeambua gamba, kwa hiyo mpe unga kidogo wa chakula cha samaki, kiasi sawa kila chupa, kila baada ya siku mbili. Kikibaki na kuota ukungu, ruka zamu moja kwa chupa zote. Usiwape sukuma wiki ya sokoni. Hujui imepuliziwa nini.

Utaona magamba matupu. Hayo si maiti, na anayeanza huyaandika kama vifo. Gamba lililoambuliwa ni wazi kabisa, limepasuka nyuma ya kichwa, na ukiligusa kwa ncha ya dropa huelea halina uzito. Aliyekufa hupoteza uangavu, huwa mweupe wa maziwa au wa waridi kama aliyepikwa, na utumbo wake bado unaonekana ndani. Mtoe na umwandike. Ukiwa na shaka, mtie kwenye kisahani na utazame kwa kioo cha kukuzia kama moyo unadunda.

Amonia na pH zipimwe siku ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Siku ya 10 mimina kila chupa kwenye chujio la milimita 1, suuza tope kwa maji ya ziwa, hesabu walio hai. Asiyeonekana anahesabiwa kuwa amekufa, kwa sababu mzoga mdogo huoza au huliwa upesi.

Mrututu

Sambamba na jaribio lenyewe, pima kama wanyama wako ni wa kawaida. Wengine hutumia chumvi ya kadmi. Mimi nashauri mrututu, kwa kuwa unapatikana na hatari yake kwa mtu ni ndogo zaidi. Gramu 0.393 za fuwele safi za mrututu kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke hutoa miligramu 100 za shaba kwa lita. Mililita 10 za mchanganyiko huo ukizijaliza maji hadi lita 1 unapata miligramu 1. Kutoka hapo punguza nusu kwa nusu hadi upate viwango vitano, na cha sita kiwe maji matupu. Ikiwa hata kiwango cha chini kimewaua wote, shuka zaidi mara kumi. Chupa 2 kwa kila kiwango, wanyama 10, bila tope, saa 96. Tafuta kiwango kinachoua nusu yao na ukiandike. Kundi lijalo likifa kwa kiasi kidogo sana kuliko makundi yaliyotangulia, ni wanyonge. Likistahimili kupita kiasi, huenda umewakamata mahali palipowazoesha sumu.

Kusoma matokeo

Anza na tope la kudhibiti, kabla hujafungua daftari la siri kwa mengine. Kwa amfipodi wa baharini jaribio halikubaliki kama walionusurika kwenye tope la kudhibiti ni chini ya asilimia 90. Kwa Hyalella ni asilimia 80. Kwa ochong'a lenga 90 na usikubali chini ya 80. Likishindwa, jaribio lote linarudiwa, hata kama chupa za eneo unaloshuku zimekufa zote na wananchi wanasubiri jibu. Kiwanda kikishtakiwa kwa jaribio lililovunjika, wakili wake atauliza kwanza kuhusu tope la kudhibiti, na kesi ya haki itapotea.

Mfano wa hesabu: tope la kudhibiti limebakiza 10, 9, 9, 10, 9, yaani 47 kati ya 50, asilimia 94. La rejea 45, asilimia 90. Eneo linaloshukiwa limebakiza 6, 5, 7, 4, 6, yaani 28, asilimia 56. Ukigawanya 56 kwa 94 unapata karibu asilimia 60 ya tope la kudhibiti. Katika majaribio mengi ya pwani ya Marekani tope huitwa lenye sumu kama tofauti imethibitishwa kitakwimu na walionusurika ni chini ya asilimia 80 ya wale wa tope la kudhibiti. Mfano wetu unashuka chini ya hapo, na jaribio la t, hesabu ya takwimu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, kwenye kompyuta litathibitisha tofauti. Lakini chupa moja ikiwa imekufa yote na nne zimekaa salama, kagua mpira wake wa hewa kwanza.

Sasa swali gumu: ni sumu ya nani? Katika Ghuba ya Winam mtuhumiwa wa kwanza awe amonia. Gugumaji likizama na kuoza, tope hujaa amonia na gesi inayonuka mayai yaliyooza, pasipo kiwanda wala dawa. Amonia yenyewe ina sura mbili, na inayoua zaidi huongezeka pH ikipanda. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 8 ni kama asilimia 5 ya amonia yote, kwenye pH 9 ni kama asilimia 36. Mwani ukishamiri, pH hupanda mchana, kwa hiyo pima asubuhi na alasiri pia. Ukikuta amonia nyingi kwenye chupa zilizokufa, rudia jaribio dogo: chupa chache za tope hilohilo zikiwa na zeolaiti, inayokamata amonia, na nyingine zikiwa na unga wa mkaa wa kuchujia maji, unaokamata mafuta na dawa nyingi. Wakipona kwenye zeolaiti, amonia inahusika. Wakipona kwenye mkaa, tafuta dawa au mafuta. Wasipopona popote, pesa za maabara zielekeze kwenye madini. Hapo ndipo pesa hizo zinaanza kufanya kazi.

Usiseme zaidi ya ulichopima. Ochong'a kubaki hai siku 10 si ushahidi kwamba tope ni salama kwa mayai ya samaki, wala kwamba samaki wa hapo ni salama kwa mlaji. Zebaki, kwa mfano, inaweza kupanda kutoka mdudu hadi samaki hadi sahani bila kumuua ochong'a hata mmoja.

Usafi wa mwisho

Wanyama wa jaribio hawarudishwi ziwani na hawapewi kuku. Waue haraka kwa maji ya barafu na uwazike mbali na maji. Maji ya mrututu yakusanywe kwenye jerikeni yenye maandishi na kupelekwa mahali panapopokea taka za kemikali. Yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa sinki nyingi za mjini huishia Kisat. Tope lililobaki lihifadhi kwenye friji hadi ripoti ikubalike, atakayepinga apewe sehemu yake apime mwenyewe. Ripoti iwe na ramani, tarehe, joto, oksijeni, pH, amonia, namba za kila chupa na matokeo ya mrututu, yote, hata yasiyopendeza. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa BMU iliyotoa boti, na isomwe pale ufuoni kwa Kiswahili na Dholuo kabla ya kupelekwa ofisi yoyote.